Weka Alama Kabla ya Kufungua

Mwaka huu nimekabidhi funguo za gereji kwa mpwa wangu. Mikono ingali na nguvu, ila mgongo umekataa kulala chini ya gari, na fundi asiyeweza kuingia uvunguni hana budi kumpisha anayeweza. Kabla ya kukaa pembeni kabisa, nataka kuandika juu ya kazi moja inayodharauliwa: kubadilisha krosi za propela, yaani viungo vya umbo la msalaba kwenye shafti inayopeleka mwendo kutoka giaboksi hadi difu. Nimefungua injini na kupanga giaboksi, lakini sijaona kazi inayofichua tabia ya fundi upesi kuliko hiyo.

Nilizaliwa Kilosa, kwenye makambi ya mkonge. Baba alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, nami nikakua nikijua kuwa mashine hubadili sauti kabla ya kuharibika. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda Morogoro kwa mama mdogo, nikapita gereji mbili tatu nikiosha spea kwa dizeli, mpaka nikapokewa na mzee aliyenifanya fundi.

Mzee huyo alikuwa mtu wa Land Rover. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na krosi mpya haikupatikana dukani. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za nje waagize bidhaa. Kabla ya hapo tuliishi kwa akili. Krosi iliyoanza kulika hatukuitupa. Tuliitoa, tukaiosha, kisha tukaigeuza robo mzunguko na kuirudisha. Kila mkono wa krosi hubebeshwa mzigo upande mmoja gari linapokwenda mbele, kwa hiyo ukiigeuza, upande uliopumzika unashika zamu. Haikuwa dawa ya kudumu, lakini iliwafikisha watu hospitali na sokoni.

Mzee alinifundisha kwanza kusikiliza. Dereva akitoka gia ya mbele kuingia rivasi na chini pakalia “tak”, shika propela kwa mikono miwili uitikise. Tazama kandokando ya vikombe vinavyofunika mikono ya krosi: ukiona vumbi jekundu la kutu, grisi imekwisha zamani na beringi za sindano zilizo ndani zinasaga chuma kikavu. Gari likisubiri zaidi ya hapo, propela inaweza kukatika njiani, na ikikatikia upande wa mbele inachimba lami.

Akanifundisha pia kwamba nyundo haina kazi mwanzoni. Fundi wa pupa huweka uma wa propela, unaoshika krosi, juu ya chuma na kupiga kikombe hadi kitoke. Kikombe kinatoka kweli, lakini masikio ya uma yanapanuka na tundu linapoteza uduara wake. Krosi mpya ikiingia hapo haimalizi msimu wa mvua. Mzee alitumia jiliwa: soketi ndogo upande mmoja isukume, soketi kubwa upande wa pili ipokee kikombe kinachotoka. Klipu zitoke kwanza, na matundu yasuguliwe hadi yang'ae. Wakati wa kufunga, kila sindano isimame wima ndani ya grisi, na mkono wa krosi uwe tayari ndani ya kikombe kikiwa kinabanwa, ili sindano zisipate nafasi ya kuanguka. Sindano moja tu ikilala chini ya kikombe, klipu haitaingia kwenye mfereji wake. Hapo fundi wa pupa huongeza nguvu. Fundi wa kweli hutoa kikombe na kuanza upya. Kazi ikiisha, uma ukiwa mgumu kugeuka, ndipo nyundo ya shaba inapata ruhusa ya kugonga sikio taratibu ili krosi ikae katikati.

Lakini amri yake kubwa ilikuja kabla ya haya yote: weka alama kabla ya kufungua. Alama moja kwenye flanji ya difu na ya propela, nyingine mahali propela inapochomekana kwa splaini. Alipiga kwa tindo, si kwa chaki, kwa sababu chaki inafutwa na dizeli.

Amri hiyo ndiyo iliyonigombanisha na msimamizi wa karakana ya taasisi moja ya umma nilikoajiriwa baadaye. Alikuwa na vyeti kunizidi, nami nilikuwa na daraja la tatu tu la majaribio ya ufundi. Pikapu moja ndefu, yenye propela ya vipande viwili na beringi ya katikati, ilitoka mikononi mwake ikiwa na krosi mpya na mtetemo mpya. Ikivuka kilomita 60 kwa saa, siti zilitetemeka. Akabadilisha matairi. Akabadilisha beringi ya katikati. Kisha sili ya nyuma ya giaboksi ikaanza kuvuja. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba uma za propela hazilingani. Akanijibu mbele ya vijana: “Propela ni bomba tu. Hayo mengine ni mambo ya vitabu.”

Si mambo ya vitabu. Krosi inapozunguka ikiwa imepinda, upande wa pili hauendi kwa kasi ileile. Katika kila mzunguko mmoja unaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Pembe ikiwa digrii 10, kasi hupanda na kushuka kwa kama asilimia 1.5; ikiwa digrii 20, inakaribia asilimia 6. Gari likiwa gia ya nne, propela ikienda sawa na injini, na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mshtuko huo unapiga mara 100 kila sekunde. Robert Hooke wa Uingereza aliichunguza tabia hii katika karne ya 17, muda mrefu kabla Clarence Spicer wa Marekani hajapewa hataza ya kiungo chake cha magari mwaka 1903. Dawa ni krosi ya pili: ya kwanza ikiharakisha, ya pili inachelewesha, na difu inapokea mwendo ulionyooka. Ila dawa hiyo ina masharti mawili. Uma za ncha mbili zilale mstari mmoja, na pembe za ncha hizo zilingane.

Dereva aliniomba niangalie pikapu ile msimamizi akiwa safarini. Nilichomoa splaini, nikalinganisha uma, nikarudisha. Mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Kwenye daftari la kazi iliandikwa kwamba matairi ndiyo yaliyoponya gari. Jina langu kutoandikwa halikuniuma. Linaloniuma hadi leo ni kwamba vijana waliokuwa pale waliondoka wakiamini propela ni bomba tu, nao wamefundisha wengine.

Kwa hiyo nasema nanyi, wanangu mnaoshika spana leo. Pikapu zinazoshusha kabichi kutoka Mgeta huongezwa pleti za springi ili zibebe zaidi. Pleti zikiongezeka, mwili unainuka na pembe za propela zinabadilika. Usimwuzie mwenye gari krosi kila mwezi bila kumweleza hilo. Ukipiga grisi, piga hadi ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kisichotoa grisi ndicho kitakachokufa kwanza. Wala usijidanganye kwamba macho yanatosha kulinganisha uma. Yapo magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne ambayo kiwanda kimeacha uma za propela ya mbele zisilingane kwa makusudi, kwa kuwa pembe zake hazilingani. Ukizinyoosha kwa akili yako, umeliharibu gari. Alama ndiyo inayokumbuka jinsi gari lilivyokuja.

Mpwa wangu amelipokea sharti hili pamoja na funguo: propela isiyo na alama haifunguliwi kwenye gereji ile. Fundi anayeona alama inamchelewesha akatafute kazi kwingine.