Ndani ya Mashua ya Mita Moja

Nilifika London kwa mara ya kwanza nikitokea Tanga, nikiamini kwamba mashua ya mfano ni mchezo wa watoto au pambo la sebuleni. Imani hiyo ilinitoka Jumapili ya kwanza, katika bustani za Kensington. Pale pana bwawa liitwalo Round Pond, lililotengenezwa mwaka 1730 enzi za Mfalme George wa Pili, na vizazi kwa vizazi watu wameendesha humo mashua za mfano. Wazee wenye mvi walisimama ukingoni, rimoti mkononi, macho majini. Kwetu mashindano ya ngalawa huja na ngoma na vigelegele; hapa nilisikia upepo na matanga tu.

Mzee mmoja mstaafu, alipojua ninatoka pwani ya majahazi, alinikaribisha kwake kesho yake. Karakana yake ni kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Mezani palikuwa na mashua ya daraja la kimataifa la mita moja: urefu wake hauzidi mita 1, na uzito wote haupungui kilo 4. Sitaha ilikuwa haijawekwa. Nilichungulia ndani nikapigwa na butwaa. Kila kona ya taruma na ubao ilikuwa laini, imeviringishwa vizuri, haina tone lililochuruzika. Ndani ya majahazi yetu utakuta pamba ya kalafati, harufu ya mafuta ya sifa na alama za tezo, wala hakuna anayeona haya. Nikamuuliza, kwa nini ahangaikie mahali patakapofunikwa? Akajibu kuwa gundi iliyomwagika ovyo ni uzito wa bure, na penye vishimo maji hujificha.

Kisha akaanza kazi, nami nikasogea karibu. Gundi yake, epoksi, huja katika chupa mbili, rezini na hadena. Rezini ilikuwa nzito kama shira ya kaimati, na baridi ya kibanda iliizidishia uzito, hivyo akaitia chupa katika maji ya vuguvugu mpaka ikalainika. Kila kimoja alikipima kwa bomba la sindano. Anayezidisha hadena ili ikauke haraka, alisema, huharibu mchanganyiko. Akatia unga laini wa mbao ileile ya mashua, ili rangi zilingane, mpaka epoksi ikasimama bila kuteleza. Akabandika tepu ya karatasi pande mbili za kona, akajaza, akaviringisha kwa kijiti cha askrimu. Tepu aliing'oa epoksi ingali mbichi, ukatokea mstari ulionyooka kabisa. Nilifurahi mno!

Chini ya mashua akalaza faiba nyembamba, akailowesha epoksi kwa brashi, juu yake akatandika kitambaa cha nailoni kisichoshikana na epoksi. Alikikandamiza mpaka mapovu na epoksi ya ziada vikatoka.

Siku iliyofuata akaniachia mimi nikibandue. Kilitoka kwa mlio mkali, na chini yake pakabaki uso sawa kote, usiong'aa. Mahali pasipokuwa na kitambaa nilihisi utando wa utelezi, unaotokea hadena inapokutana na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani. Huo aliuosha kwa maji na dodoki kwanza, kwa sababu msasa ungeusambaza na rangi isingeshika. Ndipo akapiga msasa wa maji ili vumbi lisiruke, akiwa amevaa glavu na barakoa.

Mafundi wa majahazi ya mfano wa Tanga, Lamu na Unguja, nawasihi jambo moja: uzuri wa ndani utafuteni epoksi ingali mbichi, maana ikishaganda ni jasho tupu la msasa. Joto letu huigandisha mapema na masika yetu yana unyevu mwingi. Basi changanyeni kidogo kidogo, osheni kabla ya msasa, na msiishike hadena kwa mikono mitupu.