Namba ya Simu na Njia za Mji Wetu



Mtu akiuliza ni teknolojia gani ya kidijitali iliyobadilisha usafiri katika mji wa Bukavu, wengi watajibu kwamba bado haijafika. Hatuna basi linalolipiwa kwa kadi, wala ubao wa kumwonyesha msafiri saa ambayo gari litafika. Mimi nina jibu lingine. Kwa karibu miaka thelathini nimekwenda kufundisha kwa miguu, kwa teksi ya kushirikiana na wengine, na kwa pikipiki. Naona kwamba mabadiliko hayo yalikwisha kufika. Yaliingia kwa mlango mdogo, nao ni namba ya simu ya motari.

Mnajua jinsi mji wetu ulivyo. Umekaa juu ya vilima na juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu. Njia kubwa ni chache, na magari yote husongamana humo. Teksi na basi ndogo hazipandi mpaka kwenye nyumba zilizobandikwa mlimani kule Kadutu au Cimpunda. Pikipiki ndiyo hufika huko. Zamani, aliyetaka pikipiki alikwenda mwenyewe kituoni, Nyawera au Place de l'Indépendance. Pale motari alikuwa na wenzake waliomjua kwa jina na kwa ukoo. Ubishi ukitokea juu ya nauli, au mzigo ukipotea, mkubwa wa kituo aliitwa aamue. Abiria hakumjua motari, lakini kituo kilimjua, na hiyo ilitosha.

Leo wengi wetu tunabaki nyumbani na kupiga simu. Mimi ninazo namba za motari watatu, na mmoja wao hunijia mapema asubuhi hata mvua ikinyesha. Malipo nayo yamebadilika. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia nchini mwetu mwaka 2012. Leo tunatumia pia Airtel Money na Orange Money. Mzazi aliye Bagira anaweza kumlipa motari anayemrudisha mtoto wake kutoka Panzi, bila noti kupita mkononi mwa mtoto. Mwanzoni mwa mwaka 2025, benki zilipofunga milango yake mjini kwetu na noti kuwa adimu, fedha ya simu ilisaidia familia nyingi kupitisha siku. Na msichana anayetoka masomoni jioni humtumia dada yake namba ya plaki ya pikipiki kabla ya kupanda. Hayo ni mema, wala siyadharau.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo yafaa tulitazame pamoja. Namba ya simu imemtoa motari kituoni. Abiria na motari wamebaki wawili tu, na kati yao hakuna wa tatu wa kujibu jambo likiharibika.

Mwanafunzi wangu mmoja, anayejifunza ualimu, aliwahi kusahau mfuko juu ya pikipiki aliyoiita kwa simu. Ndani yake zilikuwa karatasi zake zote za shule. Alipiga ile namba, ilikuwa imezimwa. Alizunguka katika vituo vitatu akiuliza, na hakuna aliyemfahamu kijana huyo, kwa maana hakuwa wa kituo chochote. Siku mbili nyumbani kwao walimwita motari mwizi. Siku ya tatu kijana akaja mwenyewe na mfuko, haujafunguliwa. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwake na simu yake haikuwa na moto. Kijana alikuwa mwaminifu, simu nayo haikuwa na kasoro. Lakini kwa siku mbili jina lake liliharibika, kwa sababu hakuwapo mtu wa kusema: huyu namjua, ngojeni.

Miji ya jirani imejaribu kumweka huyo wa tatu kwa njia ya mashine. Kigali ilianza kutumia kadi ya Tap&Go katika mabasi mnamo mwaka 2015: abiria anagusisha kadi, nauli inakatwa, na hakuna wa kumdanganya chenji. Kwa pikipiki kikawekwa kipimo kinachohesabu umbali na bei. Mwezi Januari 2022, kipimo hicho kilipofanywa cha lazima, motari wengi waliingia barabarani kulalamika juu ya makato na gharama walizobebeshwa. Kipimo humaliza ubishi wa bei kati ya abiria na motari. Hapo hapo huzaa swali jingine, yaani ni nani anayekatwa, na ni nani aliyeulizwa kabla ya kukatwa.

Nairobi nayo inatufundisha kwa mambo mawili ya mwaka ule ule wa 2014. Serikali ya Kenya iliagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Agizo hilo halikushika mizizi, kwani kazi ya matatu inaishi kwa fedha ya mkononi: mafuta hununuliwa leo, mwenye gari hulipwa leo, kondakta hula leo. Mwaka huo huo ilitoka ramani ya njia za matatu ya mji mzima. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zao na kuandika kila kituo, pamoja na vile visivyo na bango lolote. Njia hizo zilikuwapo siku zote, na kila msafiri alijua yake. Hakuna aliyekuwa ameziona zote pamoja. Agizo lilitoka juu likaanguka. Ramani ilitoka kwa watu waliokaa ndani ya gari, nayo ikadumu.

Tusimsahau pia anayebaki nyuma. Jirani yangu ni mama mzee anayeuza mboga katika soko la Nyamugo. Simu yake ni ya vitufe, na mara nyingi haina unite. Anasimama kando ya njia na kapu lake, motari wanampita. Kila mmoja anasema ana mteja aliyempigia. Aliniambia: « Mwalimu, zamani nilinyoosha mkono tu. » Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba usafiri wa mjini ni chanzo cha mateso kwa wengi, na kwamba maisha mema ya mji hutegemea sana jambo hilo. Nadhani mama huyo angemwelewa mara moja, ingawa hajui kusoma.

Wengi kati yenu mnaosoma maneno haya ni motari, au ndugu za motari. Nawashauri mambo machache. Wewe unayeendesha, usiache kituo chako kwa sababu una wateja wa simu. Umoja wenu ndio utakaokutetea siku simu yako itakapozimika. Wewe abiria, muulize motari jina lake na kituo chake unapoandika namba yake, na umlipe bei mliyopatana. Wewe mwenye simu kubwa na mega za kutosha, mpigie motari kwa niaba ya mama asiyeweza. Na vikundi vya parokia vingeweza kufanya kazi kama ile ya wanafunzi wa Nairobi: kuandika vituo vya pikipiki vya mtaa wenu, wakubwa wake na nauli za kawaida, kisha kubandika karatasi hiyo mlangoni pa kanisa na kuisambaza kwa WhatsApp.

Kazi hiyo haingoji kampuni wala mashine kutoka mbali. Daftari moja, simu mbili, na Jumamosi tatu za kutembea zatosha kuianza.