Kwato Mbili katika Msitu wa Ituri

Mtu avukaye mpaka wa Mpondwe na kushika njia ya Kasindi hadi Beni, kisha akaendelea kaskazini hadi Komanda na kugeukia magharibi kuelekea Mambasa, huiacha nchi ya migomba na vilima na kuingia katika msitu usiokwisha upesi. Miti husimama kandokando ya barabara kama ukuta. Juu husikika hondohondo wakipiga mabawa na kima wakigombana, lakini mnyama mkubwa haonekani. Mgeni aweza kusafiri siku nzima na kuapa kwamba msitu ni mtupu. Hata hivyo humo ndimo aishimo okapi, mnyama mwenye kimo cha kama mita moja na nusu begani na uzito wa kilo 200 hadi 350, ambaye wataalamu wa Ulaya hawakupata kumtambua hadi mwaka 1901.

Kisa cha kutambuliwa kwake kinawahusu askari, kwa hiyo nitakisimulia kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1900 Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza katika Uganda, aliwarudisha makwao Wambuti waliokuwa wamenyakuliwa na Mzungu mmoja aliyetaka kwenda kuwaonyesha watu Paris. Johnston alikuwa amesoma katika kitabu cha Stanley kwamba Wambuti humjua mnyama fulani mfano wa punda, nao humkamata kwa mashimo. Alipowauliza, walimjibu bila kusita kwamba wamjua sana. Katika kambi ya Mbeni, iliyokuwa chini ya Dola Huru ya Kongo, maofisa wa Kibelgiji nao walimhakikishia habari hiyo. Askari wao walipenda kujikatia mikanda ya kiunoni na ya risasi kutoka katika sehemu za ngozi zenye milia. Vipande viwili vya mikanda hiyo ndivyo Johnston alivyovipeleka London, na kwa vipande hivyo ikatangazwa kwamba amepatikana punda milia mpya, akaaye msituni.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wambuti walimwingiza Johnston msituni wakamwonyesha nyayo za mnyama huyo. Ilikuwa alama ya ukwato uliopasuka, kama wa ng'ombe. Johnston akakataa. Punda ana ukwato mzima. Basi watu hawa, alidhani, wamemwonyesha nyayo za mnyama mwingine, labda pofu. Hakuzifuata. Homa ikamshika yeye na wenzake, wakarudi. Baadaye Karl Eriksson, ofisa wa Kiswidi katika utumishi wa Kongo, alimpelekea ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili, na kwato zilikuwa zimepasuka vilevile kama zilivyoonekana matopeni. Mnyama hakuwa punda hata kidogo, bali ndugu wa twiga. Nyayo zilikuwa zimesema kweli, na mkanda wa askari ndio uliopotosha.

Kusoma nyayo ni elimu, wala si bahati. Mfuasi wa nyayo hatazami chini ya miguu yake tu. Huangalia kingo za alama: zikiwa kali, mnyama amepita punde, zikiwa zimelainika na matone ya mvua yameacha vijishimo ndani yake, amepita kabla ya mvua. Huangalia jani lililogeuzwa likaonyesha upande wake wa chini ulio mbichi. Huinua macho atazame matawi, kwa kuwa funo hula majani ya chini, lakini okapi hunyosha shingo na kuyavuta ya juu kwa ulimi wake mrefu, ulimi ambao kwao pia hujisafishia macho na masikio. Tena katika miguu yake mna tezi zitoazo utomvu mweusi wenye kunata, ambao kwao huacha habari zake kila apitapo.

Na ndama wake! Huyo hufichwa kichakani wiki nyingi, akinyonya na kulala, na kwa muda wa mwezi wa kwanza na zaidi hatoi kinyesi, ili chui asipate harufu ya kumwongoza. Mwenye kutafuta dalili za ndama wa okapi hutafuta kitu ambacho mnyama mwenyewe amejitahidi kisiwepo.

Kwa sababu hiyo siku hizi nyayo zimepewa msaidizi, nayo ni kamera ya kutegesha. Ni kijisanduku chenye rangi za majani makavu, kinachofungwa kwenye shina la mti. Ndani yake mna kitambuzi cha joto: kiwiliwili chenye joto lisilo sawa na la mahali kilipo kikipita mbele, kamera hupiga picha, na kuandika tarehe na saa. Usiku hutumia mwanga usioonekana kwa jicho la mtu, na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Haichoki wala haikohoi. Hata hivyo ina maadui wake: unyevu, siafu, na tembo, ambaye akiichukia huing'oa.

Lakini kamera haijui pa kukaa. Huambiwa na nyayo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, upande wa Kongo, okapi hakuwa amethibitishwa tangu mwaka 1959. Mwaka 2006 watafiti waliona nyayo na dalili zake katika msitu wa Watalinga, na mwaka 2008 kamera zilizotegeshwa na watafiti wa Jumuiya ya Zoolojia ya London pamoja na taasisi ya hifadhi ya Kongo zilileta picha zake. Ndizo zilizotangazwa kuwa picha za kwanza za okapi akiwa huru msituni. Watafiti waliwatambua okapi watatu mbalimbali, kwani milia ya mapaja haifanani kwa okapi wawili. Wenzetu wa polisi wataelewa mara moja: ni kama alama za vidole.

Mwaka huohuo wa 2008 na baada yake, vita havikuacha kuzunguka misitu hiyo. Huko Epulu, magharibi ya Mambasa, ndiko yaliko makao ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 na kuwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwezi Juni 2012 watu wenye silaha waliingia Epulu, wakaua watu, askari wa hifadhi wakiwamo. Kati ya okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni hakusalia hata mmoja. Walikuwa nyuma ya ua, wamezoea watu. Hapakuhitajika mfuasi wa nyayo kuwapata. Mwaka uliofuata okapi aliingizwa katika daraja la wanyama walio hatarini kutoweka. Huko Kongo analindwa kwa sheria tangu mwaka 1933, na mkanda wa ngozi yake leo ni ushahidi wa kosa, mvaaji awe nani.

Upande wa Uganda, okapi alikuwa akitajwa zamani katika msitu wa Semuliki, ambao ni ncha ya mashariki ya msitu wa Ituri. Leo hayupo. Mwandishi wa makala haya alipata kutembea huko pamoja na askari wa hifadhi na mzee mmoja mfuasi wa nyayo, na kwa ujeuri wa mtu wa mjini akataka kamera yake ifungwe penye njia pana iliyonyooka. Mzee alitikisa kichwa. Yeye aliifunga ya kwake usawa wa goti, penye kijito chembamba, mahali ambapo mimi sikuona kitu. Kabla ya kuondoka alikwanyua kila jani lililoning'inia mbele yake.

Baada ya wiki tatu tulizifungua. Yangu ilikuwa imejaa picha za jani moja la mgomba-mwitu likipepea juani, na miguu yangu mwenyewe nikiondoka. Ya mzee ilikuwa na funo, nguruwe-mwitu na watoto wake, na saa tisa na dakika arobaini usiku, nusu ya chui, mkia na paja la nyuma tu, akitoka nje ya picha.

Tuliporudi tulikuta matopeni alama kubwa ya ukwato uliopasuka. Nikapiga magoti.

"Nyati, mwanangu," mzee akasema, hata kabla sijauliza. "Tazama ulivyo mpana, tena mviringo. Yule unayemtaka, marehemu baba ndiye aliyenisimulia. Ukimwona ng'ambo ya mto, njoo unichoree unyayo wake."