Dada nesi, hizi hadithi unaziandika saa ngapi?

Wiki iliyopita tulimaliza homa za watoto, na nikaahidi leo tuanze chakula cha mtoto wa miezi sita. Mnivumilie, chakula kitakuja Jumatatu. Kila Alhamisi nikiweka sehemu ya hadithi, swali linaloingia inboksi ni lile lile: dada nesi, una watoto wawili, una zamu, una mume, hizi hadithi unaziandika saa ngapi? Na wapo wanaouliza la pili, kwa adabu: hao watu wa kwenye hadithi ni wagonjwa wako?

La kwanza ni rahisi. La pili limenigharimu, na nimekaa nalo miaka mitatu.

Naandika saa kumi alfajiri, siku ambazo sina zamu ya usiku. Si kwamba nina nidhamu sana. Nilipoanza, mdogo wangu alikuwa ananyonya, anaamka saa tisa na nusu, ananyonya, analala, halafu usingizi wangu mimi ndiyo unagoma. Nikawa natazama dari. Sasa ameshaachishwa, lakini mwili umezoea saa ile. Na Mbeya mwezi wa sita na wa saba, anayeijua Uyole anajua, kutoka kitandani muda huo ni adhabu, kwa hiyo sitoki. Naandika chini ya blanketi, kwa kidole gumba, mwanga wa simu nimeushusha mpaka mwisho, mtoto kanilalia mkono wa kushoto. Kuna dada alinisifia kwamba nina mtindo wa sentensi fupi. Jamani, mtindo wenyewe ni kidole kimoja.

Mchana siandiki, nasema. Nikifua nguo naiweka simu juu ya karai lililogeuzwa, narekodi sauti yangu nikimsemea mtu wa kwenye hadithi, nimjue anaongeaje. Jirani yangu mwanzoni alidhani nagombana na mtu. Halafu nina kaunta buku la kwaya mbili, mwanangu mkubwa amelichorea magari kwenye jalada, humo naweka vitu vidogo vidogo ambavyo navihitaji baadaye. Nitarudi kwenye hilo daftari.

Zamuni siandiki hadithi hata neno moja. Kule kuna uandishi mwingine. Chuoni tulifundishwa kwamba ambacho hakikuandikwa hakikufanyika, kwa hiyo unaandika: saa, mapigo, joto, dawa, kipimo, sahihi. Faili halitaki kujua mama alikuwa anacheka nini peke yake saa nane usiku. Ukishaandika hivyo zamu nzima, ukifika nyumbani mkono unataka kuandika kile ambacho faili halina nafasi nacho. Hapo ndipo pana mtego, na mwenzenu niliuingia mzima mzima.

Msikilizaji wangu wa kwanza ni mama yangu, yuko Iringa, Kihesa. Naenda kila mwezi nikipata siku mbili. Basi likitoka Mbeya mpaka Igurusi bado najipanga, kuanzia Chimala kwenye mashamba ya mpunga naandika kweli, Makambako nanunua kitu cha moto, na ukipita Mafinga kwenye ile misitu ya misonobari natakiwa niwe nimemaliza. Nikifika, "Kamwene mama," naoga, nakaa jikoni, namsomea. Mama hasemi imependeza au haijapendeza. Anachambua mboga. Akipunguza mwendo najua hadithi inakwenda. Akiongeza kasi, hadithi imelala, na kile kipande nakikata. Yeye mwenyewe alikua kwa kusikiliza hadithi za bibi, kwa Kihehe, wakipukuchua mahindi, na anasema bibi alikuwa ananyamaza katikati mpaka watoto walie.

Sasa lile swali la pili.

Mwaka 2022, nikiwa wodi ya wazazi, tulikuwa na mama mdogo, mimba ya kwanza, uchungu ulimwanza mapema mno. Alikaa nasi siku kadhaa na muda wote alikuwa anafuma soksi ya mtoto. Nitasema soksi. Haikuwa soksi, kitu chenyewe tunakijua mimi na yeye, na soksi nimeiweka hapa kwa ruhusa yake. Mtoto hakuishi. Siku anaruhusiwa, alifunga vitu vyake, akaniita pembeni, akanipa ile moja aliyokuwa ameimaliza. Aliniomba niitupe, kwa sababu mwenyewe hawezi kuitupa na nyumbani hawezi kwenda nayo. Nikaipokea.

Mwezi mmoja baadaye niliandika hadithi. Nilibadilisha jina. Nilimtoa Mbeya nikampeleka Njombe. Nikampa umri mwingine, na mume wa kazi nyingine. Nikaona nimemaliza kazi ya kuficha. Soksi nikaiacha, kwa sababu bila ile soksi hadithi haikuwa na kitu. Hilo nililijua wakati naandika, wala sitajidanganya hapa kwamba sikulijua. Ilisambazwa kuliko chochote nilichowahi kuweka, hata lile andiko la kitovu. Asubuhi yake nilikuwa nakoroga uji huku nasoma maoni.

Wiki tatu zikapita. Akaja wodini saa ya kuona wagonjwa, nikadhani ana ndugu yake kalazwa.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mama, karibu, hujambo?"

Akakaa kwenye benchi. Hakupandisha sauti. Akaniambia wifi yake aliiona hadithi, ikamliza, akamtumia kaka yake bila kujua chochote. Na kaka mtu ndiye aliyekuwa amenunua uzi. (Naendelea na soksi, mnanielewa.)

"Sista, ile soksi mume wangu sikumwambia. Kaisoma kwako."

Nilifungua mdomo niseme nilibadilisha jina. Nikaufunga.

"Nilikupa uitupe," akasema. Akanyanyuka, akanishukuru kwa siku zile nilizomhudumia, akaondoka. Ile shukrani ndiyo iliyonimaliza.

Usiku ule niliifuta. Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi wangu mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nakumbuka nilivyoapa siku ya mahafali, na mambo mengine ambayo ni ya pale ofisini. Nilikumbuka. Siri ya mgonjwa haikai kwenye jina peke yake. Unaweza kuondoa jina, kijiji, kabila na mwaka, na mtu akabaki amekaa pale pale, anaonekana na mume wake, kwa sababu ya kitu kimoja kidogo. Na uchungu wake ni huu: kile kitu kidogo ndicho mwandishi anachokitafuta. Hadithi haiishi kwa jina la mtu wala kwa wilaya anayotoka, inaishi kwa soksi.

Sikuandika hadithi miezi minane. Niliendelea na chanjo, unyonyeshaji, uzazi wa mpango, wengi wenu mlinijua kipindi hicho. Saa kumi alfajiri niliendelea kuamka, natazama dari kama zamani. Mama Iringa aliniuliza mara moja tu, "Siku hizi huna cha kunisomea?" Nikasema kazi nyingi.

Katika miezi ile nilirudi kwenye vitabu vya mwanamke ambaye niliwahi kumsoma chuoni bila kumtilia maanani, Grace Ogot wa Kenya. Wengi wanamjua kama mwandishi na mbunge. Kabla ya hayo alikuwa nesi na mkunga. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda, akaendelea Uingereza, akarudi kufundisha uuguzi na ukunga Maseno. Alikuwa na watoto wanne. Mwaka 1966 alitoa riwaya, The Promised Land, ya mke na mume wanaohama Nyanza kuja kulima huku kwetu, Tanganyika enzi hizo, na mume anapatwa na ugonjwa wa ngozi uliotokana na husuda ya jirani, mwili unaota kitu kama miiba. Mimi kama nesi nilikuwa na maswali yangu pale, lakini nilisoma mpaka mwisho. Alipoanza kuonyesha hadithi zake kwa watu wa uchapishaji walishangaa mwanamke Mkristo anaandikaje habari za kafara na waganga. Hakuacha.

Kilichonishika ni alikochota. Mtu yule alikuwa amepita kwenye wodi za nchi tatu, vichwa vya watu amevishika, siri zao anazo. Lakini moja ya hadithi zinazojulikana sana, ile ya binti wa mtemi anayeteuliwa kutolewa kwa mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe, inatoka kwenye masimulizi aliyoyasikia utotoni, bibi yake akiwasimulia. Cha nyumbani kwao. Na kwenye mkusanyiko wa 1968, Land Without Thunder, ipo hadithi ya hospitali ya misheni ambapo manesi Waafrika wanagoma kubeba vyombo vya haja za wagonjwa, kwa kuwa mila zao zinakataa. Nilicheka peke yangu, maana chombo cha haja nakijua. Halafu nikagundua kwamba hapo jicho limetua kwa manesi, kwetu sisi, aibu yetu na kiburi chetu. Aliyelala kitandani hajafunuliwa shuka.

Gurnah wetu wa Zanzibar, yule wa Nobel ya 2021, naye akiwa kijana Uingereza aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali. Katika Pilgrims Way, ya mwaka 1988, mtu wake mkuu, Daud, ni mhudumu wa hospitali. Kazi aliyompa ni ile aliyoifanya kwa mikono yake.

Basi hapo ndipo lilipoanza lile daftari, na ndiyo maana nikasema nitarudi. Ile kwaya mbili haina kitu hata kimoja cha wodini. Imejaa vitu vyangu. Ufunguo wa kabati bibi yangu aliokuwa anaufunga kwenye ncha ya kanga, na sisi wajukuu tulivyokuwa tunausikia akitembea. Harufu ya ulanzi kwenye koti la babu. Hela niliyowahi kuificha kwenye kopo la unga, na kwa nini. Mtihani niliofeli chuoni nikamwambia baba kwamba matokeo hayajatoka. Mtu wa kwenye hadithi akihitaji soksi, nafungua daftari, namvisha ya kwangu. Kama sina, anabaki peku mpaka nipate.

Mnaofuatilia ile ya Alhamisi, yule mama anayeogopa kumwogesha mwanawe, mmeniuliza ni nani. Ni mimi. Nesi mwenye diploma, nimeogesha watoto wa watu siwezi kuwahesabu, wa kwangu wa kwanza nikamwogopa. Wiki mbili nzima. Nikimshika kwenye maji mikono inatetemeka. Mama mwenye nyumba ndiye alikuwa anamwogesha, mimi nimesimama mlangoni na taulo, nikijifanya mshono unauma. Sikumwambia mtu. Siku hizi najua lile lilikuwa jambo la kumwambia mtu kliniki, na wewe unayesoma hapa mikono inakutetemeka, njoo useme, hatutakucheka.

Lakini kabla sijaiweka nilikumbuka benchi. Mume wangu naye hakuwa anajua. Nikasema huyu hatasoma kwa wifi. Nikamkalisha sebuleni, watoto wamelala, nikamsomea sehemu yote ya kwanza. Alicheka kule mwanzo, akidhani ni hadithi. Halafu akanyamaza.

"Kwani mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa Tunduma, kazini."

Akakaa. Akaomba nirudie pale kwenye taulo. Tulichelewa kulala.

Hiyo sasa ni desturi yangu, kitu cha mtu kikiwa ndani ya hadithi, mwenyewe anasikia kwanza, na akisema toa, natoa. Zipo mbili zilizofia hapo. Moja ya mama yangu, ambayo ingekuwa nzuri kuliko zote, alipoisikia aliacha mboga kabisa akasema, "Hiyo nizike nayo." Sawa mama.

Yule dada alirudi mwaka huu. Alikuja kliniki ya chanjo, mtoto wa wiki sita mgongoni, mnene, analia kwa nguvu zake zote. Nikamchoma mtoto, nikaandika kadi, nikamkabidhi. Hakuondoka. Akasema anaziona za Alhamisi. Ndipo nikamwomba habari ya andiko hili, na nikamwambia akikataa basi. Alisema atafikiri, na mwenzake pia asikie. Wiki iliyopita tulikaa watatu kwenye benchi lile lile, nikawasomea yote. Walibadilisha vitu viwili. Cha kwanza ni soksi. Cha pili sisemi.

Wakati wanaondoka akageuka mlangoni, akauliza yule mama wa Alhamisi atamwogesha lini mwanawe, maana mtoto sasa amechoka kusubiri. Nikamwambia bado sijajua. Jumamosi naenda Iringa.