Nondo Zinapoteremka Nithi

Ukitoka Embu kwenda Meru, ndugu msomaji, ukishapita Runyenjes na Chuka utaukuta mteremko wa daraja la Nithi. Mwaka 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa.

Litazame basi lori la nondo mnaloteremka nalo. Dereva akikanyaga breki, trela hupunguza mwendo lakini nondo hutaka kuendelea, na mbele yake wameketi dereva na utingo! Kamba si kitu, makali ya chuma huikata. Yatakiwa minyororo, na mbao chini ya mzigo, kwani chuma juu ya chuma huteleza. Utingo hodari hushuka Chuka kuikaza upya, maana mitikisiko ya njiani huilegeza.