Spoki za Upande wa Friwili

Kazi ya baiskeli niliianzia Kitale, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Kiminini, enzi zile Black Mamba ikiwa ndiyo lori la mtu asiye na lori. Siku za kawaida tuliziba pancha, tukafunga breki, tukakata mnyororo uliolegea. Mavuno ya mahindi yakianza, kuanzia Oktoba mpaka karibu na Krismasi, kibanda kilijaa magurudumu ya nyuma. Gunia moja la mahindi ni kilo 90, na wengine hawakuona haya kumpandisha mtoto juu yake.

Gurudumu la nyuma la Black Mamba lina spoki 40, la mbele 32. Mwenye baiskeli husema, moja ikikatika, si zimebaki 39? Hupanda akaenda zake. Baada ya siku chache anarudi, sasa zimekatika tatu na rimu inayumba mpaka inasugua breki. Ile moja iliyokatika iliwaachia jirani zake kazi, na jirani zake nao walikuwa wamechoka vilevile.

Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa na mkebe wa spoki zilizokatika, akaumwaga mbele yangu akaniambia nitazame zimekatikia wapi. Karibu zote zilikatikia pale zinapopinda kuingia kwenye habu, na nyingi zilitoka upande wa friwili. Upande huo ndio unaovutwa na mnyororo. Ni upande wa taabu kwa fundi pia, maana huwezi kuingiza spoki mpya bila kwanza kung'oa friwili, na friwili iliyokaa miaka kwenye matope ya Trans Nzoia haing'oki kwa kubembelezwa.

Wateja wote waliulaumu mzigo. Mzigo una lawama yake, lakini mara nyingi kilichoua spoki ni kulegea. Gurudumu linapobiringika, spoki inayofika chini hulegezwa kidogo kwa sababu rimu inabanwa na barabara. Ikipanda juu inakazika tena. Gurudumu la inchi 28 hufanya hivyo zaidi ya mara 400 kwa kilomita moja. Spoki iliyokazwa vizuri huvumilia. Iliyolegea hucheza pale kwenye pindo, inakunjwa na kunyooshwa, kama mtu anayekata waya wa seng'enge kwa mikono pale alipokosa koleo.

Kwa hiyo tulijifunza kukaza kwa masikio. Unaipindua baiskeli, unazigonga spoki moja moja kwa kucha na kusikiliza. Za upande mmoja zinapaswa kukaribiana mlio. Yenye sauti nzito iliyokufa ndiyo itakayokatika wiki ijayo. Na ukimaliza kufunga gurudumu jipya, unazishika spoki mbilimbili kwa viganja na kuzikamua kwa nguvu, mzunguko mzima, ili pindo zilale vizuri kwenye habu. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaumiza mikono na mteja haioni.

Baadaye nilirudi kwetu Bungoma, nikafungua kazi karibu na Kanduyi. Huku mzigo mkubwa ulikuwa abiria. Boda boda ilizaliwa kwenye mpaka wetu na Uganda, Busia na Malaba, na Bungoma haiko mbali na Malaba, kwa hiyo vijana walikuwa wengi, kila mmoja na kiti chake cha sponji juu ya keria. Gunia hukaa limetulia. Abiria hukaa upande, hugeuka kumwita mwenzake, huruka chini kabla baiskeli haijasimama. Gurudumu lina nguvu kuelekea linakokwenda, ila ukilisukuma ubavuni ni dhaifu. Kitale nilizoea kubadilisha spoki. Bungoma nilishinda nikinyoosha rimu.

Miaka mingi baadaye kijana aliyesoma Kibabii alinionyesha kwenye simu habari za Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu gurudumu la baiskeli mwaka 1981. Naye anaeleza habari ya spoki za chini kulegea, na ile ya kuzikamua kwa mikono. Nilifurahi. Nilimhurumia pia mzee wangu, ambaye alikufa bila kujua kwamba kuna mzungu anayekubaliana naye.

Pamoja na ujuzi wote huo, kazi yangu kubwa imekuwa kubishana. Zikishakatika nne au tano, nyingine zote zimezeeka. Dawa ni kuzitoa zote 40 na kufunga mpya, nene. Namwambia mteja hivyo. Ananiambia, "Fundi, weka moja tu, nitarudi Jumamosi." Mafundi wenzangu huwacheka wateja wa namna hii. Mimi siwacheki. Mtu anayepata hela kwa abiria mmoja mmoja hununua spoki moja moja, na anajua kabisa kwamba mwisho wa mwaka atakuwa amelipa zaidi. Hana hela ya gurudumu zima leo, na leo ndipo watoto wanapokula. Basi naweka moja, nakaza na jirani zake bila kumtoza.

Siku hizi pikipiki zimechukua abiria karibu wote. Wanaoniletea magurudumu ya baiskeli ni watu wa maziwa, makaa na ndizi, na spoki za pikipiki nazo hukatika palepale kwenye pindo. Spoki kuukuu sizitupi. Akina mama huja kuzichukua wazifanye sindano za kufumia, na kuna jamaa wa mishikaki anayezinunua kwa furushi. Huchagua zilizokatikia kwenye habu, kwa kuwa urefu wake haujapungua. Anasema zina nguvu kuliko za dukani, nami siwezi kumbishia, ila nyama yake sijawahi kuionja.