Fuga ya Kisenyi

Siku mhadhiri alipoandika ubaoni neno "barabara" mara mbili, la kwanza njia ya magari na la pili lenye maana ya sawasawa, akatuonyesha kwamba kinachoyatofautisha ni mkazo tu, wenzangu waliandika na kuendelea. Mimi niliona haya. Nilikumbuka wimbo nilioutunga nikiwa na miaka 17.

Tuliishi Kisenyi, chumba kimoja nyuma ya mashine za kusaga mahindi. Zilianza kunguruma alfajiri, na unga ulitua juu ya kila kitu, hata daftari langu la nota. Nilikuwa naimba tena katika kwaya ya parokia, nimejifunza nota kwa kitabu kilichokosa jalada, na fuga za Bach nilizisikia kwenye simu ya kuazima. Katika fuga sauti moja huanza na wazo, ya pili hulidaka, kisha ya tatu na ya nne, kama watoto wanaofukuzana ngazini. Nikaamua kutunga ya kwangu, ya sauti nne, kwa Kiganda.

Maneno yake yalikuwa okuggula omutima, yaani kufungua moyo. Ile g ya Kiganda ni nzito. Ulimi huishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Ukiipita haraka unapata okugula, kununua. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini nilipokaa na daftari sikuwa Mganda tena, nilikuwa Mjerumani wa karne ya 18. Nilitaka nota fupi zinazokimbia, kwa kuwa za Bach hukimbia, nikalibana neno humo.

Tulifanya mazoezi wiki sita. Jumapili moja, baada ya komunyo, besi wakatangaza kununua moyo. Tena tukanunua. Alto wakanunua. Soprano nao, kwa sauti ya juu kabisa, wakanunua. Jajja, yaani bibi yangu, alikuwa benchi la mbele. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, na moyo wenyewe ni shilingi ngapi?"

Sikutunga tena kwa miaka mitatu. Nilisema sina nafasi. Haikuwa kweli.

Aliyenirudisha ni Joseph Kyagambiddwa. Mwaka 1955 alichapisha kitabu juu ya muziki wa Kiganda, na mwaka 1964, mashahidi 22 wa Uganda walipotangazwa watakatifu huko Roma, alikuwa amewatungia oratorio. Yeye alianzia upande nisioufikiria: neno linapandaje na kushukaje likisemwa, linakaa muda gani mdomoni, ndipo nota zifuate. Nilipoisikiliza sikuhitaji karatasi ya maneno. (Mimi niliwagawia waumini karatasi, na bado hazikunisaidia.)

Baada ya mhadhara ule nililitafuta daftari langu. Bado lina unga kwenye mshono. Nimelirefusha "ku" ili g ipate pa kutua, na sasa wimbo unafungua moyo. Tatizo ni kwamba sauti zinafuatana: ukirefusha nota moja kwa besi, lazima uirefushe kwa wote, na ifikapo zamu ya alto wanagongana na tena vibaya sana. Nimeshafuta mstari wa tisa mara nne. Jajja ananipigia simu kila Jumamosi kuuliza bei.